Mvumo wa Amplifaya na Birika la Chai

Wasomaji wa gazeti letu, baadhi yenu mlikuwapo Mikumi muhula uliopita siku ya mdahalo, na kwa hiyo mwaijua aibu iliyotupata. Wasiokuwapo nawaeleza. Chama chetu cha Fizikia kilikuwa kimeunda amplifaya kwa mikono ya wanafunzi wenyewe, chombo cha kukuza sauti ya maiki, na hapa Kilosa kilifanya kazi vizuri asubuhi zote za paredi. Tukakifunga sandukuni, tukakipakia garini, tukashika njia ya Ulaya hadi Mikumi, tukakiweka jukwaani. Msemaji wa kwanza alisikika mpaka nyuma ya ukumbi. Msemaji wa pili alikuwa binti wa Kidato cha Pili, asiyepata kusimama mbele ya watu wengi tangu azaliwe. Alipofungua kinywa, spika zikaanza kuvuma: uuuuum. Akapaza sauti, mvumo ukazidi. Akanyamaza, ukapungua bila kwisha. Watu wakacheka. Baadaye kidogo mvumo ukakoma wenyewe, lakini dakika zake zilikuwa zimekwisha naye amekwisha kaa.

Njiani kurudi kila mtu alimtazama kijana wa Kidato cha Tatu aliyeilehemu sehemu ya kulishia umeme. Hakuna aliyemtukana. Walimwuliza tu, mmoja baada ya mwingine, "Wewe, ulilehemu vizuri kweli?" Kesho yake aliniletea pasi ya kulehemu ya chama akasema, "Mwalimu, mpe mwingine." Nilimwambia aiweke mezani mpaka tujue ubovu uko wapi. Makala haya ni habari ya jinsi tulivyoutafuta. Darasani twasoma fizikia kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya shule za sekondari, lakini hapa nimetumia Kiswahili ili wazazi nao wafuate, maana majumbani kuna redio nyingi zenye ugonjwa wa namna hii.

Kwanza tuelewe sehemu yenyewe, ambayo mafundi huiita pawa saplai. Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni wa volti 230, nao hugeuka kwenda na kurudi mizunguko 50 kwa sekunde. IC za amplifaya hazitaki umeme huo. Zinataka volti chache, tuseme 12, tena ziende upande mmoja tu bila kuyumba. Basi umeme hupita mikononi mwa watumishi wanne. Wa kwanza ni transfoma, inayopunguza volti 230 kuwa 12. Wa pili ni dayodi nne zilizopangwa kama daraja, mpango uliojulikana tangu miaka ya 1890. Hizo huligeuza wimbi la kurudi nalo likaenda mbele, hata badala ya mizunguko 50 twapata vilima 100 kwa sekunde, vyote vya upande mmoja. Wa tatu ni kapasita kubwa. Wa nne ni regyuleta, IC ndogo yenye miguu mitatu, ambayo hupokea volti zenye mawimbi na kutoa volti 12 zilizonyoka.

Kapasita yataka maelezo zaidi kidogo, maana ndiyo wengi wasioielewa. Fikirini tangi la maji la shule. Pampu hulijaza kwa vipindi, lakini bomba la jikoni hutoa maji wakati wote. Pampu ikisimama, maji ya tangi hushuka kidogo. Ikianza tena hupanda. Kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde, na katikati ya kujazwa amplifaya hunywa akiba yake, kwa hiyo volti zake hupanda na kushuka. Tangi likiwa dogo, au jikoni wakifungua bomba sana, maji hushuka zaidi. Hesabu yake ni rahisi: chukua mkondo kwa ampea, ugawanye kwa mara 100 ya ukubwa wa kapasita kwa faradi. Amplifaya yetu, mtu akisema kwa sauti ya kawaida, hutumia ampea 0.3. Kapasita yetu ilikuwa ya mikrofaradi 2,200, yaani faradi 0.0022. Gawanya 0.3 kwa 0.22, utapata volti 1.36 hivi. Hicho ndicho kimo cha wimbi, kutoka kileleni hadi bondeni. Likumbukeni neno hilo, bonde, kwa maana kesi yetu yote iliamuliwa bondeni.

Kabla ya kupima lo lote, hapana budi niseme habari ya usalama, na nitasema kwa ukali. Upande wa transfoma unaotoka ukutani huua. Asiupime mwanafunzi peke yake, wala aliye pekupeku juu ya sakafu ya saruji iliyolowa. Plagi itolewe soketini kabla ya mkono kuingia ndani. Kuzima swichi hakutoshi. Kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa imetoka, basi imwagwe kwa rezista ya omu 100 kwa sekunde chache, si kwa bisibisi, maana cheche zake huunguza bodi na huweza kuruka machoni. Na fyuzi ikikatika, itiwe nyingine ya kiasi kilekile. Nimeona kwa macho yangu fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki. Kinachokatika ni transfoma, na pengine paa la nyumba huungua pamoja nayo. Amplifaya yetu ina fyuzi ya miliampea 250 upande wa ukutani, nayo yatosha kabisa.

Kwa chombo kipya kisichowahi kuwashwa twatumia pia taa ya majaribio. Hii ni balbu ya waya ya zamani, ya wati 60, inayofungwa katika njia moja ya umeme wa kuingia, ili umeme upite kwanza katika balbu ndipo ufike kwenye transfoma. Mahali pengine pakiwa na shoti, balbu huwaka kwa nguvu zote na chombo hakiungui. Ikimweka kidogo kisha ikafifia, mambo ni salama, maana ile nuru ya kwanza ni kapasita iliyokuwa ikijaa. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Watunzeni wale wazee wa waya. Siku hizi ni adimu madukani.

Haya, turudi kwenye kesi. Tuliiweka amplifaya mezani hapa Kilosa tukaiwasha. Ikaimba kama chiriku. Hakuna mvumo. Tulipima hatua kwa hatua. Ukutani volti 230. Baada ya transfoma, volti 12. Kwenye kapasita, volti 14.9 kwa wastani. Baada ya regyuleta, volti 12 kamili. Kisha tukapima mawimbi yenyewe, kwa kuiweka multimita upande wa umeme wa kugeuka na kutia kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 katika waya wake mmoja. Msiisahau kapasita hiyo ndogo. Multimita nyingi za bei nafuu, zikipimishwa hivyo bila kizuizi, huhesabu na volti zilizonyoka, zikatoa namba ya uongo. Kwenye kapasita kubwa tuliona volti 0.4 za mawimbi, na baada ya regyuleta sifuri. Msishangae kuona 0.4 badala ya 1.36. Multimita haipimi toka kilele hadi bonde. Hupima kiasi kinachofanya kazi, ambacho kwa wimbi la namna ya meno ya msumeno ni kama theluthi moja au pungufu kidogo.

Kijana wetu alivipitia viungo vyote alivyolehemu, kimoja kimoja, kwa kioo cha kukuzia. Kiungo kizuri hung'aa na risasi yake hutambaa juu ya shaba. Kibaya hukaa juu juu kama tone la nta. Vyote vilikuwa vizuri. Hilo halikumfurahisha, maana mgonjwa asiyeumwa mbele ya daktari hampi daktari njia.

Nilimpeleka kwa fundi redio mmoja mjini, mzee aliyezitengeneza redio tangu enzi za taa za kioo. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?" Akaeleza habari yote. Mzee hakufungua hata sanduku. Akauliza, "Mvumo wenyewe ulikuwa mnene au mwembamba?" Kijana hakujua ajibu nini. "Basi rudini mkaulizane," mzee akasema. "Mvumo una jina lake. Ukilijua jina, umekwisha jua nyumba anakotoka."

Maneno hayo yalikuwa na elimu kubwa kuliko tulivyodhani. Mvumo utokao kwenye umeme wa ukutani moja kwa moja, kabla haujapita katika dayodi, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Waya wa maiki uliokatika ngozi yake ya nje hutoa mvumo huo. Pia dayodi moja ikikatika, daraja hubaki na mguu mmoja, vilima 100 vikawa 50. Lakini mvumo wa mizunguko 100 umekwisha pita katika daraja zima, kwa hiyo wenye kushukiwa ni wale walio baada yake, yaani kapasita na regyuleta. Sasa nani atazitofautisha 50 na 100 kwa sikio? Mwimbaji wa kwaya! Sauti ya mizunguko 100 iko karibu na sakafu ya sauti ya besi. Kijana wa besi nzuri huweza kuishika akijitahidi. Ile ya 50 ni oktavu nzima chini yake, wala hakuna mtoto wa shule awezaye kuifikia. Ila spika ndogo sana haziiamuru vizuri sauti ya 50, basi msizitegemee kwa jaribio hili.

Bahati njema, miongoni mwa waliokwenda Mikumi alikuwamo kijana aimbaye besi, mwenye sikio la ajabu. Tulimwomba auigize mvumo aliousikia siku ile. Akavuta pumzi, akavuma. Kisha tukaenda naye barabarani, chini ya transfoma ya nguzoni. Chuma cha transfoma hutetemeka mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, na kwa hiyo uimbaji wake ni wa 100. (Kwa wale wanaopenda kusogea karibu na nguzo: simameni mbali mkasikilize, yatosha. Na ule waya wa treni ya umeme, uliopita Kilosa tangu safari zilipoanza mwaka 2024, una volti 25,000. Huo msiukaribie hata kwa kusikiliza.) Kijana akavuma tena huku nguzo ikivuma. Sauti zikakutana kama pacha. Basi jina tulikuwa tumelipata: 100. Dayodi zikaachiliwa huru, na waya wa maiki ukaachiliwa pamoja nazo.

Ikabaki kapasita na regyuleta, na zote mbili zilipimwa hapa zikaonekana nzima. Tukafikiri: kama chombo ni kizima Kilosa na kigonjwa Mikumi, pengine kilichobadilika si chombo bali chakula chake. Tukaomba ruhusa kwa Mkuu wa Shule, tukapata, tukaenda Mikumi siku ya Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu. Tukakaa jukwaani palepale, tukatumia ekstensheni ileile ya mita 50 iliyotoka jikoni. Volti 228 ukutani. Amplifaya ikanyamaza kimya kama maji ya mtungini. Tukangoja saa nzima. Kijana akaanza kunitazama kwa macho ya mtu aliyeleta mashahidi wasiosema.

Ndipo akaja mama mmoja wa jikoni, akatuona, akatuhurumia. Akasema atatupikia chai. Haukupita muda, uuuuum! Niliruka kutoka kitini. Nikaitazama multimita: volti 210. Kijana akamkimbilia yule mama nikamsikia akisema, "Mama, samahani, naomba tuzime birika kidogo." "Haya mwanangu, lakini mtakunywa nini?" Akazima. Kimya. Volti 228. "Washa, mama." Uuuuum. "Zima." Kimya. Mara nne hivyo, mpaka yule mama akauliza kama mwalimu wangu ananilipa kwa mchezo huu. Siku ya mdahalo birika hilohilo lilikuwa likichemsha chai ya wageni wakati binti yetu alipokuwa akisema, nalo lilipochemka likajizima lenyewe. Hiyo ndiyo sababu mvumo ulikoma bila kuguswa.

Sasa hesabu, na nawaomba kila mmoja aifuate kwa kalamu. Birika la wati 2,000 lilikuwa limechomekwa katika ekstensheni yetu, kule mwishoni karibu na jukwaa, ili wageni wa meza kuu wamiminiwe chai bila kwenda mbali. Waya wa ekstensheni ulikuwa mwembamba, wa milimita za mraba 0.75. Umeme huenda mita 50 na kurudi mita 50, jumla mita 100, na shaba ya unene huo kwa urefu huo ina ukinzani wa omu 2.3. Birika hunywa kama ampea 8. Zidisha 8 kwa 2.3: volti 18 zapotea njiani. 228 ukitoa 18 ni 210. Multimita haikusema uongo.

Volti 210 ukutani ni kitu gani kwa amplifaya? Transfoma hugawa kwa uwiano, basi badala ya 12 itatoa 12 mara 210 gawanya kwa 230, yaani 10.96. Kilele cha wimbi hilo ni mara 1.414 yake, volti 15.5. Umeme hupita katika dayodi mbili, kila moja ikitoza volti 0.7 kama ushuru, jumla 1.4. Kapasita hupata 14.1 kileleni. Toa kimo cha wimbi, 1.36: bondeni tuna 12.7. Na hapo ndipo siri. Regyuleta tuliyotia ni ile iitwayo 7812. Ili itoe volti 12, hutaka yenyewe ipewe kama volti 14, kwa kuwa volti mbili hivi ndizo mshahara wake. Ikipewa 12.7 haiwezi kunyosha kitu; hupitisha bonde kama lilivyo. Mara 100 kwa sekunde regyuleta iliishiwa, na mara 100 kwa sekunde bonde likaingia katika IC ya maiki, ambayo kazi yake ni kukuza vitu vidogo. Ikaukuza mvumo kama ilivyofunzwa.

Nanyi mtauliza, hapa Kilosa ilikuwaje? Fanyeni hesabu ileile kwa 230: kilele 17, toa 1.4, toa 1.36, bonde ni 14.2. Tulikuwa juu ya mstari kwa volti 0.2 tu! Hatukuwa na chombo kizuri kilichoharibika Mikumi. Tulikuwa na chombo kilichosimama ukingoni mwa shimo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyetazama chini. Na aliyechora mchoro, niseme wazi, nilikuwa mimi. Kijana alilehemu nilichomchorea. Nilimwambia hivyo mbele ya chama kizima, naye akaichukua pasi yake mezani bila kusema neno.

Tiba tulijaribu tatu. Ya kwanza ni ile anayoikimbilia kila mtu: kapasita kubwa zaidi. Tulitia mikrofaradi 4,700. Wimbi likapungua hadi volti 0.64, na mvumo nao ukapungua, lakini haukwisha. Tazameni kwa nini. Kilele ni 14.1, hata tungetia kapasita kubwa kama pipa la lami, tusingepata zaidi ya hicho kilele. Tangi likiwa kubwa hupunguza kushuka kwa maji, wala haliwezi kuyapandisha juu ya mdomo wa bomba linalolijaza.

Ya pili ni transfoma ya volti 15. Hii ingefanya kazi hata ukutani pakiwa na volti 200. Lakini transfoma ni kitu cha bei, na tena siku ya umeme mzuri regyuleta ingepewa karibu volti 19, ikabidi izigeuze volti 7 za ziada kuwa joto. Ingetaka bati kubwa la kupozea. 7812 ikipata joto kupita kiasi hujikata yenyewe, ikipoa hurudi, na amplifaya inayokata na kurudi kila dakika chache husumbua fundi kuliko iliyokufa.

Ya tatu ilitoka kwa kijana mwenyewe, nami naiona bora kuliko zote. Alisema, "Mwalimu, kwani IC ya nguvu inahitaji regyuleta?" Tukafungua karatasi ya maelezo yake. IC yetu ni TDA2003, iliyoundwa kwa redio za magari. Hufanya kazi kwa volti yo yote kati ya 8 na 18, nayo huvumilia mawimbi kwa kiasi kikubwa. Mwenye njaa kubwa ni yeye, naye hana haja ya chakula kilichochujwa. Asiyeweza kuvumilia ni IC ndogo ya maiki, na hiyo hunywa kidogo sana. Basi tuliing'oa 7812. TDA2003 ikalishwa moja kwa moja kutoka kwenye kapasita ya 4,700, na IC ya maiki ikapewa regyuleta yake ndogo ya volti 9, ambayo yatosheka na volti 11. Hata mtu akipiga kelele, mkondo ukafika ampea 0.5, wimbi huwa la volti 1.06, na kwa umeme wa 210 bonde ni 13. Kwa hesabu hiyo umeme wa ukutani waweza kushuka hadi kama 183 kabla ya mvumo kurudi. Gharama yake yote ilikuwa regyuleta moja ndogo na jioni moja ya kazi, maana kapasita tulikuwa nayo. Ukitia sikio kwenye kitambaa cha spika utasikia mvumo mwembamba mno. Ukiwa hatua mbili mbali husikii kitu.

Habari ya ule waya wa ekstensheni haijakwisha. Waya wa unene ule haupasi kupitisha zaidi ya ampea 6, na ulikuwa ukipitisha 8. Ukizidisha 8 kwa volti 18 zilizopotea utapata wati 144, na wati hizo zote ziligeuka joto ndani ya mpira. Tuliushika ukawa na joto kama chapati iliyotoka kikaangoni dakika tano zilizopita. Ungekuwa umezungushwa katika kibuyu chake, kama wengi wafanyavyo kwa unadhifu, joto lisingepata pa kutokea. Tuliwaeleza wenyeji wetu, nao siku hiyohiyo walilirudisha birika jikoni, kwenye soketi ya ukutani.

Mvumo una asili nyingine pia, nami nitazitaja kwa haraka kwa ajili ya watakaounda chao. Kapasita ya zamani iliyovimba kichwani imekufa, hata kama bado yapimika. Kapasita iliyofungwa kinyume, mguu hasi mahali pa chanya, itapasuka kwa kishindo. Vaeni miwani siku ya kwanza. 7812 ina mpango wa miguu wa kuingia, kati na kutoka, lakini LM317 ambayo yafanana nayo sura ina mpango mwingine kabisa, na wanafunzi wawili wa chama wamekwisha zichanganya. Regyuleta zote ziwekewe kapasita ndogo karibu na miguu yake, kwani bila hizo huweza kutetemeka zenyewe kwa kasi isiyosikika na kupata joto bila sababu. Na nyaya zote za ardhi za ndani zikutane mahali pamoja, kwenye mguu hasi wa kapasita kubwa. Mkitumia waya mmoja wa ardhi kwa dayodi na kwa maiki pamoja, ule mkondo wa kujaza kapasita, unaopita kwa vishindo vikubwa vifupi, utaacha alama yake katika sauti, na alama hiyo ni ya 100 vilevile. Mwimbaji wa besi hataweza kuwatofautishia hilo. Hapo ondoeni maiki kwanza, mtazame kama mvumo unabaki.

Binti wa Kidato cha Pili atasema tena muhula huu, hapa nyumbani, na watu wa Mikumi watakuwa wageni wetu. Chai itakuwapo.

Maswali kwa wanachama na kwa ye yote apendaye kujaribu:

1. Una transfoma ya volti 9 na umeme wa 230. Mzigo ni ampea 0.1 na kapasita ni mikrofaradi 2,200. Je, regyuleta ya volti 9 itatosheka? Ukitia 4,700 je? Na umeme ukishuka hadi 220?

2. Birika lilelile la wati 2,000 limefungwa katika ekstensheni ya mita 30, waya wa milimita za mraba 1.5. Mita 100 za shaba yenye unene wa 0.75 zina omu 2.3. Ni volti ngapi zitapotea njiani?

3. Dayodi moja katika daraja imekatika. Kimo cha wimbi kitabadilikaje, na mwimbaji wa besi atasema nini?

Majibu yaletwe chumba cha Fizikia kabla ya wiki ya mitihani. Mwenye redio ya nyumbani inayovuma aje nayo siku ya Alhamisi baada ya masomo, plagi ikiwa imefungwa kwa kamba na kifuniko kisifunguliwe njiani. Wazazi wanakaribishwa.